Weledi wa udaktari: utafiti umefikia wapi?

Weledi wa daktari si wingi wa magonjwa anayoyajua. Ni mwenendo wake akiwa kazini: anasema kweli hata pale alipokosea, anatunza siri za mgonjwa, anaujua mwisho wa uwezo wake na kuomba msaada, hamkaripii muuguzi mbele za watu, wala haandiki kipimo kwa kuwa tu kipimo hicho kinamwingizia pesa. Kwa muda mrefu mambo haya yalichukuliwa kuwa ya malezi, ambayo mtu ama anayo au hana, na kiapo cha siku ya kuhitimu kikaonekana kinatosha. Leo ni uwanja wa utafiti wenye majarida, vipimo na mabishano yake.

Mabishano yanaanzia kwenye maana yenyewe. Mwaka 2002 taasisi za madaktari wa magonjwa ya ndani za Marekani na Ulaya zilitoa mkataba wa weledi, ukachapwa kwa pamoja katika The Lancet na Annals of Internal Medicine. Unasimama juu ya misingi mitatu: maslahi ya mgonjwa kwanza, haki ya mgonjwa kujiamulia, na haki katika jamii. Umenukuliwa sana, ila haukumaliza ubishi. Hudson Birden na wenzake walipopitia maandiko ya fani hii, katika mapitio yaliyotoka 2014, hawakukuta maana moja inayokubaliwa na wote. Mwaka huohuo Mohamed Al-Eraky na wenzake, baada ya kukusanya maoni ya wataalamu wa nchi za Kiarabu, walipendekeza milango minne: daktari na nafsi yake, daktari na kazi yake, daktari na watu, daktari na Mungu. Huo mlango wa nne huupati katika mkataba wa 2002, na kwa daktari anayeamini kwamba kuna anayemwona hata akiwa peke yake na mgonjwa aliyezimia, si jambo dogo.

Ajabu ni kwamba watu wasiokubaliana weledi ni nini wamefanikiwa kuonyesha vizuri madhara ya kuukosa. Hapo ndipo ushahidi ulipo na nguvu.

Utafiti unaotajwa kuliko yote ni wa Maxine Papadakis na wenzake, uliotoka mwaka 2005 katika New England Journal of Medicine. Walichukua madaktari 235 walioadhibiwa na bodi za madaktari nchini Marekani, wakawalinganisha na 469 wa vyuo vilevile ambao hawakuwahi kuadhibiwa, kisha wakafukua mafaili yao ya uanafunzi. Walioadhibiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, takriban mara tatu, wa kuwa na rekodi ya mwenendo mbaya tangu chuoni. Na mwenendo wenyewe si ule unaodhani. Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi ni kutowajibika kupindukia: mtu haonekani kliniki anapotakiwa, hafuatilii shughuli za mgonjwa aliyekabidhiwa. Kilichofuata ni kutoambilika: akikosolewa anabisha, na kesho anarudia lilelile. Ikumbukwe tu kwamba adhabu za bodi ni chache, kwa hiyo doa kwenye faili la mwanafunzi halimtabirii mtu hatima yake. Kulitumia kumfukuzia mtu chuo ni kuutwisha utafiti huu mzigo usio wake.

Utafiti mwingine, jaribio la Arieh Riskin na wenzake nchini Israeli, lilichapishwa 2015. Timu 24 za wodi za watoto wachanga zilipewa zoezi la kuigiza: mtoto njiti anabadilika hali ghafla kwa ugonjwa wa utumbo, nao wamtambue na kumhudumia. Timu nyingine zilisikia maneno ya kawaida kutoka kwa mtaalamu wa nje aliyeelezwa kuwa anawatazama. Nyingine zilimsikia akisema kwamba hajaridhishwa na kiwango cha utabibu wa nchi yao. Hakumtukana mtu, hakupandisha sauti. Hata hivyo waliosikia kebehi hiyo walifanya vibaya zaidi, katika kutambua ugonjwa na hata katika kazi za mikono, na sehemu ya sababu ni kwamba walipunguza kupeana taarifa na kuombana msaada. Anayesema ukali wa bosi wodini ni hulka yake tu, avumiliwe, ana kazi ya kulijibu jaribio hili.

Kuupima weledi wenyewe ndiko kunakosumbua. Mwaka 2009 John McLachlan, Gabrielle Finn na Jane Macnaughton wa Durham, Uingereza, walijaribu njia ya kawaida kabisa: mwanafunzi apate alama kwa kuhudhuria vipindi na kuwasilisha makaratasi kwa wakati, uthibitisho wa chanjo ukiwemo. Alama hizo zilielekea kuoana na maoni ya walimu kuhusu weledi wake. Naipenda njia hii kwa sababu haijidai kuuona moyo wa mtu, ingawa mnafiki mwenye saa nzuri ataifaulu.

Upande wa pili kuna makala ya jarida la upasuaji wa mishipa ya damu iliyozusha kelele mwaka 2020. Watafiti wanaume walipekua kurasa za mitandao ya kijamii za madaktari vijana, wakahesabu hata picha za mavazi ya kuogelea kuwa doa la kitaaluma. Madaktari wanawake wakajibu kwa kumwaga picha zao za ufukweni mtandaoni, na jarida likaifuta makala.

Siku hizi macho yanahama kutoka kwa daktari mmojammoja kwenda mahali anapofanyia kazi. Frederic Hafferty amekuwa akiandika tangu miaka ya 1990 juu ya mtaala uliojificha, yaani yale ambayo mwanafunzi hujifunza kwa kuwatazama wakubwa wodini huku darasani akifundishwa kinyume chake. Mwaka 2018 Maria Panagioti na wenzake waliunganisha tafiti 47 za madaktari zaidi ya 42,000, wakakuta uchovu wa kazi unaambatana na uwezekano mara mbili hivi wa upungufu wa weledi. Kipi kinamzaa mwenzake, tafiti za aina hiyo haziwezi kuamua.

Ushahidi ulipo mwembamba zaidi ni kwenye ufundishaji. Walimu wengi wanaona mfano wa mkubwa anayeheshimika na tafakuri ya mwanafunzi mwenyewe ndivyo vinavyosaidia, lakini tafiti nyingi huishia kwenye dodoso la mwisho wa kozi, mwanafunzi akieleza alivyolipenda somo. Ni nadra kukuta waliomfuata mwanafunzi huyo hadi kwa wagonjwa wake miaka kumi baadaye.