Samaki hajitengenezei vitamini C jamani

Kuna hii kauli naisikia sana kwa wafugaji, eti samaki ni kama mbuzi tu, vitamini C anajitengenezea mwenyewe mwilini kwa hiyo hela ya premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa kuongeza kwenye chakula) ni ya kutupa. Mbuzi sawa, ini lake linaitengeneza kutoka kwenye glukosi, lakini sato na kambale hawana kile kimeng'enya (protini inayoendesha kazi mwilini) cha hatua ya mwisho ya kuitengeneza, wako kama sisi binadamu, lazima waipate kwenye chakula. Wakiikosa, kolajeni (protini inayoshikilia mifupa na ngozi) haikazi vizuri, na hapo ndo unamwinua kifaranga kwenye wavu unakuta mgongo umepinda kama herufi S, vifuniko vya mashavu vifupi, kidonda hakifungi, halafu mtu analaumu mbegu, yaani vifaranga aliowanunua (mbegu nayo huchangia saa nyingine, ila kagua chakula kwanza!). Bwawa la maji ya kijani linasaidia kiasi maana wanaokota mwani, ila kwenye kizimba au tangi wanategemea unachowamwagia wewe. Na vitamini C ya kawaida inaharibika upesi kwa joto, hewa na unyevu, sasa gunia limekaa miezi kwenye stoo ya bati, unategemea imebaki ngapi? Tafuta chakula chenye ile iliyofungwa na fosfeti, hiyo inavumilia.