Mikono, maji na uji: maswali ya walezi wa vituo vya watoto Arusha na Moshi

Maji yapo, sabuni ipo. Mbona kuhara na mafua haviishi kituoni?

Simama pembeni uangalie watoto wananawaje. Mara nyingi tatizo ni beseni: watoto kumi na watano wanachovya mikono kwenye maji yaleyale, wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake. Lingine ni taulo moja, au kanga ya dada, inayofuta mikono yote. Kwa njia hiyo macho mekundu huzunguka darasa zima ndani ya siku chache.

Maji lazima yachuruzike. Mtoto alowane, apake sabuni, asugue sekunde 20: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kucha. Mhesabu pamoja kwa sauti, taratibu, moja hadi ishirini. Na namba anazipata humohumo. Kisha akung'ute mikono ikauke kwa hewa. Anawe kabla ya kula, akitoka chooni, akitoka kucheza na akishapenga kamasi. Mlezi anawe baada ya kila nepi, hata iliyolowa mkojo tu. Kusema kweli, wanaosahau zaidi ni sisi wakubwa.

Hatuna koki uani. Kibuyu chirizi cha watoto wadogo kinatengenezwaje?

Tafuta dumu la lita 5. La lita 20 likijaa mtoto hawezi kuliinamisha. Pasha msumari moto, toboa tundu upande usio na mshikio, kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Pitisha fimbo kwenye mshikio na uilaze juu ya nguzo mbili zenye panda, tundu likiwa usawa wa kifua cha mtoto. Funga kamba shingoni mwa dumu, ncha nyingine kwenye kijiti cha kukanyagia. Jaza maji yaishie chini kidogo ya tundu, la sivyo yatavuja kutwa nzima. Sabuni ya mche iingie kwenye soksi kuukuu na ining'inizwe pembeni. Chini mwaga kokoto, pasigeuke tope.

Kamba ikilegea, mtoto anakanyaga na dumu halisogei. Tundu likiwa kubwa, maji yanakwisha kabla ya mtoto wa kumi.

Juni na Julai baridi ni kali, watoto wanagoma kunawa. Tufanyeje?

Wana haki kugoma. Changanya maji ya moto na ya baridi kwenye ndoo yenye koki, jaribu kwa kiwiko mpaka yawe vuguvugu. Baridi isiwarudishe kwenye beseni.

Kuna hatari kubwa zaidi msimu huo: kuingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto wakilala. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na anayelala hashtuki. Jiko libaki nje, hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Wavalishe sweta na soksi, na dirisha moja liachwe wazi kidogo, maana chumba kilichofungwa kutwa ndicho kinachosambaza mafua.

Maji ya kunywa tunachemsha. Hayo si salama?

Kwa vijidudu, ndiyo: yachemke kwa mabubujiko dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa. Lakini maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, kama Oldonyosambu na Ngarenanyuki, yana floridi nyingi, madini yanayotia meno madoa yakizidi, na kuchemsha hakuiondoi. Tena mvuke ukitoka, inayobaki sufuriani inakolea. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni, kwa hiyo madoa ya kahawia yanayoonekana darasa la tatu yalianzia kwenye maji ya miaka ya mwanzo.

Kwenye maeneo hayo, maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi yatunzwe kwa ajili ya kunywa na kupika uji. Ya kisima yafulie na kudekia. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na magadi ya kulainishia maharage au makande msiyatie kwenye chungu cha watoto: nayo yana floridi.

Basi dawa ya meno yenye floridi tuiache?

Hapana, inazuia meno kutoboka. Kinachodhibitiwa ni kiasi: chini ya miaka 3, kama punje ya mchele; miaka 3 hadi 6, kama punje ya njegere. Mlezi ndiye anayeiweka, mtoto anatema. Miswaki iandikwe majina, isimame bila kugusana.

Unga wa uji wa lishe uwe na nafaka ngapi?

Si lazima ziwe saba. Mahindi au ulezi pamoja na karanga kidogo vinatosha, ukiongeza maziwa. Kazi ipo kwenye kuchambua: karanga iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu itupwe kabla ya kusaga, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kupikwa. Unga ukishasagwa huwezi kuiona tena, kwa hiyo ule wa kununua uliza ulichambuliwa na nani. Karanga nzima usiwape walio chini ya miaka 5, zinapalia. Mchana, mtori (supu ya ndizi na nyama) au kiburu (ndizi na maharage) kilichopondwa vizuri hakihitaji nyongeza ya kopo lolote la dukani.