Kuistahi mashine si ujinga

Imezoeleka kusema kwamba anayeishukuru simu au kuihurumia roboti ni mtoto, au mtu asiyejua mashine zinavyofanya kazi. Sivyo.

Miaka ya 1990, Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake waliwapima wanafunzi waliozoea kompyuta. Kila mmoja alifundishwa somo fupi na kompyuta, kisha akaulizwa: imekufundisha vizuri kiasi gani? Walioulizwa na kompyuta ileile waliisifu zaidi kuliko walioulizwa na nyingine, kama tunavyosita kumkosoa mwalimu mbele ya uso wake. Walipohojiwa, walikana kabisa kwamba mtu anaweza kuionea haya mashine. Kwangu hapo ndipo penye uzito: walijua haina hisia, na bado waliistahi.

Nass alieleza kuwa ni mazoea. Kitu kikitumia lugha na kupokezana zamu nasi, tunakitendea kijamii kabla hatujafikiri.

Jaribio hilo liliporudiwa, matokeo yaliyochapishwa 2023 hayakuonyesha tena adabu hiyo kwa kompyuta za mezani. Huenda tumezizoea mno.