Kabla ya kulifunga waya jino lililoumia

Tanga tunapenda baiskeli, na mtoto akianguka nayo, meno mawili ya mbele ya juu ndiyo huumia mara nyingi. Yaliyochomoza mbele yako hatarini zaidi. Maumivu yakiisha, ajali husahaulika. Baadaye mtoto analetwa kupangwa meno na hakuna anayeitaja. Mzazi, itaje, hata kama jino halikuvunjika.

Waya wa kupanga meno hausogezi jino kwa nguvu tupu. Hubana utando unaolishikilia jino, mfupa wa upande mmoja ukaliwa na wa upande wa pili ukajengwa. Utando ulioumia ukibanwa kabla haujapona, mwili unaweza kuula mzizi wenyewe.

Kwa hiyo sisi tunaopanga meno tunasubiri kulingana na jeraha. Jino lililovunjika ncha bila kiini (nyama laini ya ndani yenye neva) kufikiwa, au lililolegea kidogo bila kuhama, tunalisubiri miezi 3. Lililohama, lililozama kwenye ufizi au lililong'oka likarudishwa, miezi 6 hadi 12. Mzizi ukikatika, si chini ya mwaka. Palipo na usaha au mzizi unaoliwa, jino husafishwa ndani na kutiwa dawa ya kalisiamu haidroksaidi kwanza, na waya hausogei hapo mpaka eksirei ionyeshe mfupa umejijenga.

Rangi ya kijivu peke yake haitoshi kusema jino limekufa. Tunagusisha pamba iliyopozwa sana kuona kama mtoto anahisi baridi, tukilinganisha na jino la jirani, na hata jibu hilo haliaminiki sana miezi 3 ya mwanzo. Kisha tunaligonga taratibu kwa mpini wa kioo cha meno. Jino zima hutoa mlio mzito. Ukisikia mlio mkali wa chuma, na jino halitikisiki hata kidogo, huenda limegandana na mfupa.

Hili ndilo linalovuruga matibabu kuliko yote. Jino lililogandana halivutiki. Ukilifunga pamoja na mengine, lenyewe linabaki palepale na majirani wanainama kulifuata. Kwa mtoto anayekua, taya linashuka na kuliacha, kwa hiyo kila mwaka linaonekana fupi zaidi. Mara nyingi ni bora kukata kichwa chake na kuuacha mzizi ndani, ili upana wa mfupa ulindwe hadi ukubwani. Wazazi hushtuka wakisikia hivyo, lakini kuling'oa kwa nguvu huondoka na mfupa wa mbele, na kuurudisha ni kazi kubwa.

Jino lililoruhusiwa kusogezwa huanza na waya mwembamba wa nikeli na titani, inchi 0.012 au 0.014. Kulisukuma kuelekea ndani ya mfupa kunataka nguvu ya gramu 10 hadi 20 tu. Baada ya miezi 6 tunapiga eksirei nyingine. Ncha ya mzizi ikionekana kufupika, tunaacha kuvuta kwa miezi 3, waya ukibaki mdomoni bila kazi, kisha tunaamua upya kama lengo la mwanzo bado linafaa.