Vipimo vya Mimba: Maswali Mnayoniuliza Mkiwa Mmeshachelewa

Mimi ni mkunga, na kazi yangu ya kila siku ni kuwapokea wajawazito wanaoanza kliniki hapa Mombasa. Wanatoka Majengo, Kongowea, Mikindani na ng'ambo ya kivuko huko Likoni, na wengi wao huniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: vile vipimo vya kumchunguza mtoto aliye tumboni, nivifanye au niviache? Swali ni zuri na kila mama ana haki ya kuliuliza. Kinachoniumiza ni kwamba wengi huliuliza mimba ikiwa na miezi sita au saba, wakati ambapo vipimo vyenyewe vimeshapitwa na muda wake na hakuna tena cha kuamua. Kwa hiyo nimeyakusanya maswali hayo hapa, nikitumaini kwamba yatamfikia mama ambaye tumbo lake bado halijaonekana.

Vipimo hivi ni vipi hasa?

Ni makundi mawili, na ni muhimu kuyatenganisha. Kundi la kwanza ni vipimo vinavyotafuta jambo lenye tiba: wingi wa damu, kundi la damu na Rhesus (alama ya damu ambayo huwa chanya au hasi), virusi vya ukimwi, kaswende, homa ya ini aina ya B, mkojo, sukari na shinikizo la damu. Kundi la pili ni vipimo vinavyomchunguza mtoto mwenyewe, kama ana dalili za hali ya Down (hali ya vinasaba ambayo mtoto huzaliwa nayo, na humchelewesha kukua kiakili na kimwili), mgongo wazi, au kasoro ya moyo na viungo vingine. Kundi la kwanza nakushauri ulifanye lote, na sitachoka kukushauri. Kundi la pili ni hiari yako kamili, na hapo ndipo penye kuamua.

Nianze kliniki lini?

Kabla ya kutimiza wiki ya 12, na wiki zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo huo mwaka 2016, likapendekeza mama aonane na mhudumu angalau mara nane katika mimba moja, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki hizo 12. Ukiwa hukumbuki tarehe usikae nyumbani kwa sababu hiyo. Wako wanaohesabu kwa mwezi mwandamo, wakaniambia kwamba hedhi ilikuja siku chache kabla ya Ramadhani, na hilo linanitosha kuanzia. Picha ya tumbo (ultrasound) ya mapema itatusaidia kusahihisha hesabu. Picha ya mapema ndiyo inayokadiria umri wa mimba vizuri, na kadiri unavyochelewa ndivyo makadirio yanavyozidi kuwa ya kubahatisha.

Wakubwa wamenikataza kuitaja mimba changa kwa kuogopa kijicho. Nifanyeje?

Hili ndilo jibu ningependa lisomwe mara mbili. Sikukatazi kuificha mimba yako kwa majirani, kwa mashoga zako, wala kwa watu wa mtaani. Wafiche ukitaka mpaka mwezi wa tano. Ni siri yako na mila yako, nami nimelelewa katika mila hiyo hiyo. Lakini mkunga si jirani. Anayeficha mimba yake kliniki hamkingi mtoto na jicho la hasidi, bali anamnyima kinga ambayo ingemfikia mapema. Ndani ya chumba cha kliniki mna wewe, mhudumu na kadi yako, na yanayosemwa humo hayatoki nje.

Nimeona matokeo ya kungoja, na yananiuma kila mara. Anakuja mama wa miezi saba, midomo myeupe, anahema kwa kupanda ngazi chache, na damu yake ikipimwa inakuwa chini ya gramu 7 kwa desilita, ilhali mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Ukimuuliza, anasema alikuwa akijisikia kuchoka tangu mwezi wa tatu, na kwamba alikuwa akitafuna udongo kwa sababu mwili uliutamani. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vingemsaidia tangu wakati ule, tena vinamezwa kila siku, na visimezwe na chai ya maziwa kama wengi wenu mnavyofanya, kwa kuwa chai inauzuia mwili kuyapokea madini hayo. Sasa tunakimbizana na wiki chache zilizobaki, na huenda akahitaji kuongezwa damu.

Anakuja mwingine mwenye kaswende ambayo haikumpa dalili yoyote. Kaswende huweza kumuua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe akiwa mgonjwa, na tiba yake ni sindano ya penisilini, ambayo humkinga mtoto vizuri zaidi mama akidungwa mapema. Virusi vya ukimwi ni hivyo hivyo: mama anayeanza dawa mapema na kuzimeza bila kukatiza ana nafasi kubwa sana ya kupata mtoto asiye na virusi. Na mama aliyewahi kupatwa na shinikizo la mimba, au mwenye kisukari, au mwenye mimba ya pacha, huenda daktari akamwandikia aspirini ya kiasi kidogo ili kuzuia kifafa cha mimba, na dawa hiyo inafaa ianzwe kabla ya wiki ya 16. (Usijinunulie mwenyewe dukani, si ya kila mtu.) Mama huyo akija mwezi wa sita, wakati ule mzuri wa kuianza umeshapita, hata awe na pesa kiasi gani.

Basi nasema tena: ficha kwa jirani, usifiche kliniki.

Nikija mapema, nitalazimishwa kufanya vipimo vyote?

Hapana. Hakuna kipimo kinachofanywa bila ridhaa yako, na mhudumu anatakiwa akueleze kila kimoja kinatafuta nini kabla hajachukua damu. Ukielezwa ukakataa, huo ni uamuzi na unaheshimiwa. Ila usikubali kukataa bila kuelezwa, wala usiache siku zipite kisha ukasema umeamua. Aliyechelewa hajaamua lolote. Muda ndio uliomwamulia.

Vipimo vya hali ya Down na kasoro za mtoto vinafanywa wakati gani?

Kila kimoja kina muda wake. Kuanzia wiki ya 10 kuna kipimo cha damu ya mama kinachosoma vinasaba vya mimba vinavyoelea ndani ya damu hiyo. Ndicho sahihi zaidi katika vipimo vya kuchuja, yaani vinavyokadiria uwezekano tu bila kuthibitisha, na ndicho ghali zaidi, kwa hiyo uliza bei kabla ya kukata shauri. Kati ya wiki ya 11 na wiki ya 13 na siku sita kuna picha ya kupima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, ikiunganishwa na kipimo cha damu. Aliyekosa hapo anaweza kupimwa damu pekee kati ya wiki ya 15 na 20, ingawa majibu yake si ya uhakika kama ya mwanzo. Kisha kuna picha ya viungo, kati ya wiki ya 18 na 22, ambapo mpimaji huangalia kichwa, uti wa mgongo, moyo, tumbo, figo, mikono na miguu. Ukiniambia una uwezo wa kulipia picha moja tu katika mimba nzima, nitakwambia tupange iwe kabla ya wiki ya 24.

Vingine kati ya hivyo havipatikani katika zahanati za mitaani, na utaelekezwa kwenye hospitali kubwa au maabara binafsi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuja mapema, kwa kuwa familia inahitaji muda wa kutafuta pesa na kushauriana.

Nina miaka 24. Je, hali ya Down si ya wanawake wenye umri mkubwa?

Uwezekano huongezeka kwa umri: mama wa miaka 20 ana takriban nafasi moja katika 1,500, wa miaka 35 moja katika 350, na wa miaka 40 moja katika 100. Hata hivyo vijana nao huzaa watoto hao, na kwa kuwa ndio wanaozaa kwa wingi, si ajabu kumkuta mama kijana mwenye mtoto wa namna hiyo. Umri ukusaidie kufikiri, usiwe sababu ya kutouliza.

Nimeambiwa niko katika hatari kubwa. Mtoto wangu ni mgonjwa?

Tulia kwanza. Kipimo cha kuchuja ni kama kupepeta mchele kwa ungo: kinatenga zile punje zinazohitaji kuangaliwa kwa makini, na aliyepepeta bado anapaswa kuzichambua kwa mkono ndipo ajue ipi ni jiwe. Ukiambiwa una nafasi moja katika 100, maana yake ni kwamba wanawake 100 wenye jibu kama lako, 99 kati yao watazaa watoto wasio na hali hiyo. Vivyo hivyo jibu zuri halikupi hakikisho kamili. Linapunguza tu uwezekano.

Jibu la uhakika hutokana na kipimo cha kuthibitisha, ambapo daktari hupitisha sindano nyembamba tumboni huku akiongozwa na picha, akavuta maji kidogo yanayomzunguka mtoto. Kipimo hicho hufanywa kuanzia wiki ya 15. Kina uwezekano mdogo wa kuharibu mimba, chini ya mmoja katika 100, na kwa sababu hiyo hakifanywi kwa kila mtu wala kwa kukisia. Yeyote anayekwambia ufanye uamuzi mzito kwa jibu la kuchuja pekee, mwombe akupe rufaa kwa daktari bingwa.

Sitatoa mimba kwa hali yoyote. Basi kupima kuna faida gani?

Wako wanaoniambia kwamba mtoto ni majaliwa ya Mungu na kumpima ni kumkosoa Muumba. Siwabishii imani yao, na mama aliyetulia moyoni akasema hataki kujua mpaka siku ya kuzaa ana haki ya kusema hivyo. Ningependa tu ajue kwamba kupima hakumfungi mtu kutoa mimba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 26, hairuhusu kutoa mimba ila mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kwamba matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai ama afya ya mama iko hatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu.

Faida kubwa ninayoiona ni maandalizi. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kuzaliwa mahali penye madaktari wa kumpokea, si nyumbani wala katika zahanati ndogo usiku wa manane. Ukijua mapema, unapangiwa kuzalia katika hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, na mtoto anahudumiwa tangu saa yake ya kwanza badala ya kupakiwa kwenye tuktuk akiwa amebadilika rangi.

Tumeoana mtu na binamu yake. Kuna kipimo cha ziada?

Pimeni selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi, na wasio na undugu nao wapime, kwa kuwa ugonjwa huu uko Pwani yetu. Mume na mke wanaweza kuwa wabebaji wote wawili huku wakiwa na afya njema kabisa, na hapo kila mimba huwa na nafasi moja katika nne ya mtoto kuugua. Wazazi wenye undugu wa damu wana uwezekano zaidi wa kubeba urithi wa namna moja. Hapa namtaka baba naye atoe mkono wake apimwe, kwa maana kumpima mama peke yake ni nusu ya jibu.

Nilipigwa picha mwezi wa saba nikaambiwa ni mvulana. Haitoshi?

Haitoshi. Samahani kwa kusema wazi, lakini nimechoka kuona pesa ya picha ya pekee ikitumiwa kujua rangi ya nguo za mtoto. Picha hiyo hiyo, ingepigwa miezi miwili au mitatu kabla, ingeangalia uti wa mgongo na moyo wake.

Mavyaa anasema yeye alizaa saba bila kipimo hata kimoja.

Mwamkie, mheshimu, kisha mwombe akusindikize kliniki. Nimewaona wakwe waliokuja kwa shingo upande wakaishia kuwa wao ndio wanaowakumbusha wake wa watoto wao tarehe ya kurudi. Tena muulize kwa upole kama wote saba walikua. Wengi hunyamaza kidogo, kisha hukwambia jambo ambalo hujawahi kulisikia.

Nina miezi sita na sijaanza. Nitagombezwa?

Pengine utaulizwa kwa nini, na ukipata anayekutolea maneno makali, mwambie mkubwa wa zamu. Lakini njoo. Damu, kaswende, virusi vya ukimwi, mkojo na shinikizo bado vinapimika leo. Sukari hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28. Na kama damu yako ni Rhesus hasi, sindano ya kumkinga mtoto hutolewa kwenye wiki ya 28, kwa hiyo bado hujaikosa. Tutakupa dawa ya kukinga malaria, ambayo Pwani hutolewa kwa kila mjamzito kuanzia wiki ya 13 isipokuwa aliye na sababu ya kutoitumia, pamoja na chandarua. Ukiwa na kichwa kinachouma sana, macho yanayoona ukungu, uso uliovimba, damu inayotoka, au mtoto aliyepunguza kucheza, usisubiri kliniki ya asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Kama huna dalili hizo, njoo kesho mapema, na umlete mumeo ikiwezekana. Beba kadi ya mimba iliyopita ukiwa nayo, na usipoiona njoo hivyo hivyo.