Je, wajua kwa nini kiazi kibichi hupandisha maji lakini kilichochemshwa hushindwa?

Chukua viazi mviringo vitatu vinavyolingana ukubwa. Kimoja kichemshe hadi kiive, viwili viache vibichi. Vikate chini ili visimame, menya ganda la nusu ya chini (ganda huzuia maji), kisha chimba shimo juu ya kila kimoja bila kutoboa upande wa pili. Visimamishe kwenye sahani yenye maji kidogo. Tia sukari vijiko viwili katika kibichi kimoja na katika kile kilichochemshwa. Kibichi cha pili kibaki kitupu. Viache hadi kesho yake.

Utakuta kibichi chenye sukari kimejaa maji ya sukari, tena yamepanda kupita usawa wa maji ya sahani. Kitupu kitakuwa hakijapata kitu. Kilichochemshwa huenda kikalowana, lakini maji yake hayapandi kupita yale ya nje.

Siri iko kwenye seli. Kila seli hai ya kiazi imezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi na kuizuia sukari. Molekuli za maji hazitulii. Hupita utando huo huku na huko wakati wote. Penye sukari nyingi, molekuli za maji zilizo huru ni chache, kwa hiyo zinazotoka upande huo ni chache kuliko zinazoingia. Mwendo huo wa maji ndio osmosisi. Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliuona mwaka 1748, alipofunika chombo cha pombe kali kwa kibofu cha mnyama na kukizamisha majini: kibofu kilivimba, kikakaza.

Ndani ya kiazi, sukari hulowa kwanza kwa maji ya seli zinazopakana na shimo. Seli hizo zikipungukiwa huchukua kwa jirani zao, nao kwa jirani zao, mpaka kufikia seli za chini zinazogusa maji ya sahani.

Wengi husema sukari "inavuta" maji. Basi mbona haikuyavuta kwenye kiazi kilichochemshwa? Joto liliharibu utando wa seli, maji na sukari vikawa vinapita ovyo. Ndiyo maana kiazi hicho, ambacho mara nyingi hurukwa darasani ili kuokoa muda, ndicho kinachobeba jaribio zima. Kikikosekana, mwanafunzi ana haki ya kudai kwamba maji yamefyonzwa na sukari tu, utando hauhusiki.

Ukitaka kuigeuza safari, kata vipande vyembamba vya kiazi kibichi, uviloweke kwenye maji yenye chumvi nyingi. Maji yatatoka kwenye seli, na baada ya nusu saa hivi vipande vitalegea na kupindika bila kukatika. Ukivirudisha mapema kwenye maji matupu, vitakaza tena. Ukivisahau humo muda mrefu mno seli hufa, na hapo hata maji matupu hayasaidii.