Bima ya mafuriko: ile ya moto haikutoshi

Mwulize mwenye duka Kariakoo kama amekata bima, atakujibu, "Ninayo, ya moto." Tuanzie hapo hapo. Kwa Tanzania na Kenya, bima ya mafuriko kwa kawaida ni kipengele kinachobebwa na bima ya moto. Hati inataja moto, kisha majanga mengine: dhoruba, tetemeko, mafuriko. Kama neno mafuriko halimo, mvua ikishaingia dukani huna cha kudai. Maneno ya wakala hayatoshi, litafute mwenyewe kwenye hati.

Hata likiwemo, neno lenyewe lina mipaka. Mafuriko kwa watu wa bima ni maji ya nje yaliyokuvamia: mto umepita kingo zake, mtaro umefurika. Bati lililooza likavujia magodoro ya stoo ni uchakavu, na uchakavu haulipwi. Bomba likipasuka ukutani, hilo nalo huangaliwa kwa kipengele chake.

Wengi huumia kwenye thamani. Tuseme duka lina mali ya shilingi milioni 60, lakini ili ada ipungue mwenyewe kaandikisha milioni 30. Masika yanakuja, maji yanaharibu vitambaa vya milioni 20. Anategemea alipwe 20, kwani si ziko ndani ya 30? Hapati. Kakatia bima nusu ya mali, basi na hasara italipwa nusu: milioni 10. Na kwenye hizo 10 bado kuna sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mkataba unamtaka aibebe mwenyewe. Sehemu hiyo kwa mafuriko inaweza kuwa kubwa kuliko ya moto, kwa hiyo iulize kabla ya kuuliza ada. Bima ya bei ya chini mara nyingi imeficha unafuu wake hapo.

Mahali nako kunapimwa. Bima ni ya jambo linaloweza kutokea au lisitokee, na Jangwani, Dar es Salaam, pembeni ya Mto Msimbazi, kila mtu anajua maji yatarudi. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya wakazi wa bondeni wahamishiwe Mabwepande. Kampuni ikikagua jengo la eneo kama hilo inaweza kukataa kipengele cha mafuriko, au ikapandisha ada, au ikakudai kwanza uinue sakafu na kuweka bidhaa juu ya mbao. Ukificha kwamba maji yaliwahi kuingia, umewapa sababu ya kukunyima fidia.

Usingoje wingu. Marekani, mpango wa serikali wa bima ya mafuriko, ulioanzishwa 1968, kwa kawaida humsubirisha mteja siku 30 kabla kinga haijaanza, makusudi ili mtu asikimbilie bima akiwa ameshasikia kimbunga kwenye redio. Kwetu masharti hutofautiana, ila Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa kabla hakijafika pwani, na sioni kampuni ya kukuuzia kinga siku ile.

Mwenye nyumba ya mkopo asidhani bima iliyodaiwa na benki inagusa kochi na friji. Mara nyingi ni ya jengo. Mwenye biashara aulizie pia mauzo yanayopotea wakati duka limefungwa likikaushwa, maana hicho ni kipengele kingine tena. Daftari la stoo na risiti vipigwe picha, vikae kwenye simu, visilale dukani.